Mhazini Anasoma Injili

Jumuiya yetu ndogo ya Kikatoliki hukutana Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla Tabata haijaamka sawasawa na kabla bajaji hazijaanza kugombania abiria. Tunazunguka nyumba kwa nyumba. Viti vya plastiki vinaazimwa kwa jirani, meza ndogo inatandikwa kitambaa cheupe, juu yake msalaba na mshumaa. Kwenye nyumba yenye watoto wadogo mshumaa unahamia juu ya kabati, na sala nzima tunasali tukiangalia kabati.

Injili tunaisoma kwa hatua saba. Waliolelewa ndani ya jumuiya ndogo ndogo wanazijua: ni njia iliyotoka Lumko, taasisi ya Kanisa kule Afrika Kusini, ikashika huku kwetu baada ya maaskofu wa Afrika Mashariki kuamua, miaka ya 1970, kwamba Kanisa lijengwe kuanzia mtaani. Sitazieleza zote. Ninayoitaka ni ya tatu. Injili ikishasomwa, kila mmoja anachagua neno au kifungu kifupi kilichomgusa, anakitamka kwa sauti, taratibu, kisha kimya. Haruhusiwi kueleza. Anatamka tu, anamwachia mwingine.

Mimi ni mhazini, huu mwaka wa sita. Maisha yangu yote ya kazi nimeshika daftari za hesabu kwenye duka la vipuri Kariakoo, na mtu akikaa na daftari miaka mingi anaanza kuona mambo yanayojirudia hata pale asipoyatafuta. Nikagundua kwamba watu wetu, Injili iwe ipi, huchagua neno la aina ile ile.

Chukua Jumapili ya tatu ya Kwaresima, mwaka C, ule wa tatu katika mzunguko wa masomo ya Kanisa, yenye mfano wa mtini usiozaa. Mimi nilitamka, "Miaka mitatu hii." Mwalimu wetu mstaafu akatamka, "Mbona hata nchi unaiharibu?" Mama Mapacha, sauti ikimkwama kidogo, "Uuache mwaka huu nao." Halafu yule kijana wetu wa bodaboda, ambaye huja akiwa bado na kizibao chake cha kung'aa, akasema neno moja tu: "Samadi." Watu wakacheka, sala ikayumba. Lakini nilimtazama usoni, hakuwa anatania. Alikuwa ameshaona kitu mbali huko, kuhusu yale machafu ya maisha yanayomwagwa kwenye mizizi, na hatua ya tano ilipofika alikieleza mpaka nikasahau mguu wangu umekufa ganzi.

Wiki nyingine, Mwalimu huyo huyo alichagua "kwa sababu". Hivyo hivyo, maneno mawili yasiyo na mwili. Mama Mapacha huchagua mahali mtu anapomgusa mtu, anapolia au anapoogopa. Mimi huchagua namba. Mikate mitano, vikapu kumi na viwili, samaki mia na hamsini na watatu. Nikikosa namba nachukua mali: ng'ombe, pango, shamba, mkoba wa Yuda.

Basi nikaanza kutafuta. Mwanangu alinionyesha kwenye simu yake kile kipimo cha herufi nne ambacho vijana wanakiweka hata kwenye wasifu wao. Chanzo chake ni daktari Mswisi, Carl Jung, mtoto wa mchungaji, aliyetoa kitabu chake cha aina za watu mwaka 1921. Jung alisema kila mmoja wetu ana namna anayoiegemea ya kupokea habari: wapo wanaoshika kile kinachoonekana, kinachohesabika, kilichoandikwa, na wapo wanaorukia maana iliyo nyuma yake. Kisha kuna namna ya kuamua: wapo wanaopima kwa hoja na kanuni, na wapo wanaopima kwa watu, nani ataumia, nani ataachwa nje. Mama na bintiye huko Marekani, Katharine Briggs na Isabel Myers, ndio waliogeuza mawazo hayo kuwa maswali ya kujaza.

Sisi wa parokia tulikuwa tumeshaonjeshwa kitu cha ukoo huo kwenye semina ya ndoa. Mwezeshaji aligawa karatasi, tukajipima: sangwini, koleriki, melankoli, flegmatiki. Mke wangu akatoka sangwini, mimi melankoli. Alifurahi mno, akanipiga picha na karatasi yangu. Hiyo nayo si elimu ya jana. Ni ya waganga wa Kiyunani, Galen akiwa maarufu wao katika karne ya 2, walioamini tabia ya mtu inatokana na majimaji manne mwilini: damu, nyongo ya njano, nyongo nyeusi na belghamu. Mababu zetu wa pwani walikuwa nayo muda mrefu kupitia utabibu wa Waarabu. Neno letu safura ni nyongo ile ile ya njano, imebaki kwenye lugha baada ya utabibu wenyewe kusahaulika.

Na kumbe yupo aliyeyapeleka haya moja kwa moja kwenye Maandiko. Leslie Francis, padri wa Kianglikana na mwanasaikolojia wa Uingereza, amefanya kazi ya miaka mingi juu ya swali hilo hilo lililonikalia mimi. Yeye na wenzake hugawa watu katika makundi kufuatana na aina zao, wanawapa kifungu kimoja, kisha wanasikiliza. Waliwahi kuwapa ule mtini wa Marko 11, uliolaaniwa. Wanachokikuta katika kazi zao ni karibu na ninachokiona sebuleni Tabata: walioegemea vitu vinavyoonekana wanabaki kwenye majani na mizizi, walioegemea maana wanaruka, wa hoja wanauliza kama ni haki, wa hisia wanauliza ni nani aliyeumia. Francis anataka mhubiri aipitie Injili kwa njia zote nne, maana akihubiri kwa ile yake tu, sehemu ya kanisa itakaa njaa kila Jumapili.

Nilifurahi kama mtu aliyeona hesabu imefunga. Nikachora jedwali nyuma ya daftari la michango, safu nne, nikaanza kuwapanga wanajumuiya.

Jumapili ya nne ya Kwaresima ni mwana mpotevu. Jumamosi yake zamu ilikuwa kwa Bibi wa nyumba ya kona. Masika ilikuwa imeanza, usiku ule mvua ilikuwa imepiga, tukavuka dimbwi la mbele ya nyumba yake kwa kukanyaga matofali aliyoyapanga mjukuu wake. Bibi ni Mgogo, mwembamba, haongei sana. Biblia yake ni ile ya toleo la zamani, Union, imefungwa mpira wa nywele isisambaratike.

Niseme kwanza nilivyokuwa nimejiandaa. Hii habari naijua kwa namba zake. Kumbukumbu la Torati 21:17 inampa mzaliwa wa kwanza mafungu mawili. Watoto wakiwa wawili, maana yake mkubwa ana theluthi mbili, mdogo theluthi moja. Mdogo amechukua yake, amekwenda nayo nchi ya mbali, imekwisha. Kwa hiyo siku anaporudi, kila kitu kilichobaki pale nyumbani kwa haki ni cha mkubwa. Baba mwenyewe anakiri: "Vyote nilivyo navyo ni vyako." Sasa niambie, yule ndama aliyenona alikuwa wa nani? Na joho? Na pete? Kaka mtu amesimama nje anasikia ngoma inayopigwa kwa mali yake, naye maisha yake yote hajapewa hata mwana-mbuzi. Sijawahi kusikia padri akimtetea kaka huyu. Kwa hiyo kila mwaka wa zamu hatua ya tatu ikifika natamka neno langu, "Mwana-mbuzi," na nikikaa chini naona nimetenda haki.

Nikatamka. Kimya. Mwalimu akatamka, "Alipozingatia moyoni mwake." Mama Mapacha, bila shaka, "Akamwangukia shingoni." Kijana wa bodaboda akachagua "Angali mbali," akalirudia. Ndipo Bibi, bila kutazama kitabu: "Wala hapana mtu aliyempa kitu."

Akanyamaza kidogo, akasema tena. "Wala hapana mtu."

Miaka yote hiyo sikuwa nimekiona kifungu hicho. Kipo mstari wa 16, baada ya nguruwe na maganda. Jicho langu likishatoka kwenye mali iliyotapanywa hurukia moja kwa moja kwenye safari ya kurudi.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wanajumuiya wanalijua, ila wasomaji hamlijui. Wiki mbili kabla, katibu alileta ombi. Nyuma ya nyumba ya jirani kuna vyumba vya kupanga, na kwenye kimojawapo alikuwepo kijana, mbeba mizigo sokoni Ilala, homa imemlaza siku ya nne, hana ndugu hapa mjini. Mfuko wetu wa huruma una kanuni: anasaidiwa mwanajumuiya aliyeandikishwa, asiyedaiwa zaidi ya miezi mitatu. Kijana hakuwa hata Mkatoliki. Nikafungua daftari, nikaisoma kanuni kwa sauti. Halafu nikaongeza kitu ambacho hakikuwamo kwenye kanuni. Nilisema vijana hawa tunawajua, wakipata shilingi wanaipeleka kwenye mikeka ya kubeti, wakiugua wanatutafuta sisi. Watu wakaguna kukubali. Mwalimu akasema tukifungua mlango huo hatutaufunga. Ajenda ikapita. Na hapo tulikuwa tumetoka kuisoma Injili!

Hatua ya tano, Bibi aliulizwa kilichomgusa. Akasema, "Huyu mtoto alikula mali yake, ndiyo. Lakini nchi ile ilikuwa na watu. Njaa iliwakuta wote, na yeye alikuwa mgeni." Akafunga mpira kwenye Biblia yake. Nilidhani amemaliza. Akasema, "Kwetu mtu akija kuhemea chakula, huulizi shamba lake aliliharibuje."

Hakunitazama. Ningependa kusema alinitazama, habari ingekaa vizuri zaidi, lakini alikuwa anatafuta kitambaa cha kufutia mikono. Mjukuu alikuwa ameingia na chupa ya chai.

Tukirudi nyumbani nilimwambia mke wangu kwa sauti ya mtaalamu, "Unaona? Bibi ni mtu wa hisia. Aina yake ndiyo inamfanya asome vile. Mimi ni mtu wa kufikiri." Mke wangu alikuwa anaruka dimbwi, kanga ameishika kwa mkono mmoja. Akasema, "Wewe ni mtu wa risiti."

Nilikuwa nimemaliza kazi, mnaona. Bibi nimemtia kwenye safu yake kwenye jedwali, na neno lake nimelitia humo pamoja naye. Limegeuka kuwa tabia ya bibi mmoja. Halinidai tena kitu.

Lililonitoa hapo nililikuta baadaye, katika kuperuzi kwangu. Mark Allan Powell, msomi wa Agano Jipya, Mlutheri wa Marekani, aliwahi kuwaomba wanafunzi waisome habari hii hii ya mwana mpotevu, wafunge kitabu, waisimulie kwa kichwa. Kati ya Wamarekani 100, waliokumbuka kutaja njaa iliyoingia nchi ile walikuwa 6. Akaenda St. Petersburg, Urusi, mji ambao majeshi ya Ujerumani yaliuzingira kuanzia 1941 mpaka 1944, watu wakafa kwa njaa kwa malaki. Huko, kati ya 50, walioitaja njaa walikuwa 42. Kutapanya mali, ambako Wamarekani wote walikukumbuka, Warusi wengi walikuacha.

Kisha alikuja hapa kwetu, Tanzania. Akawauliza wanafunzi wa theolojia: kijana yule alifikaje kwenye njaa, kule kwa nguruwe? Wengi wao hawakujibu mali wala ukame. Walijibu kwamba hapana mtu aliyempa kitu.

Nikaweka simu chini. Wanafunzi wale hawakuwa watu wa aina moja. Wachungaji watarajiwa darasa zima, humo lazima walikuwemo akina Mwalimu na akina Mama Mapacha, na melankoli wa kutosha wenye kupenda daftari kama mimi. Na bado wengi wao wamekisoma kifungu cha Bibi. Kwa hiyo lile halikuwa jambo la hisia zake. Ni ujuzi. Ni kitu ambacho watu wa nchi hii wanakijua kuhusu njaa, na mimi niliyezaliwa hapa hapa, daftari lilikuwa limenisahaulisha.

Siku nyingine nilipita kwake kuchukua mchango, nikakaa. Nikamuuliza habari za kuhemea. Alinihadithia aliyohadithiwa na bibi yake, juu ya Mtunya, njaa iliyoua Ugogo mwishoni mwa vita vya kwanza vya dunia, kuanzia 1917. Mvua ilikosekana, lakini mvua ilikuwa imewahi kukosekana kabla ya hapo na watu wakapona. Safari ile majeshi, ya Mjerumani kisha ya Mwingereza, yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Mtu akienda kuhemea kwa shemeji anamkuta shemeji naye kajifunga kamba tumboni. Bibi alisema bibi yake hakuwahi kuhadithia ukame. Alikuwa akihadithia milango: nyumba ya fulani walitupa, nyumba ya fulani hawakutupa. Kwa majina, miaka hamsini baadaye.

Na yule kijana? Nikauliza kwa kuzunguka. Bibi akasema mjukuu wake alikuwa akimpelekea uji asubuhi na jioni mpaka alipoweza kusimama, kisha akahama, kodi ilikuwa imeisha. Dalali ameshaleta mwingine. Sikuweza kumlipa Bibi ule uji. Nilijaribu, akanitazama kama niliyetukana.

Sasa, sisemi haya mambo ya aina za watu ni uongo. Wanasaikolojia wengi wanakitilia shaka kile kipimo cha herufi nne, na wana sababu: mtu akikirudia baada ya wiki kadhaa anaweza kutoka na herufi nyingine, na watu wengi wako katikati, hawako kwenye ncha hizi wala zile. Hata hivyo Francis ananieleza mimi vizuri kuliko nilivyotaka kuelezwa. Ile hesabu ya ndama si makosa. Torati inasema hivyo, na kaka mkubwa ana kesi, nitaitetea mpaka nizikwe. Kilichonishinda ni kwamba nililichukua jicho langu dogo nikalifanya ndiyo Injili, nikaisomea jumuiya kama kanuni, na mtu mwingine alipoona kilichoandikwa waziwazi kwenye mstari wa 16, nikaita tabia. Ajabu ni kwamba kwenye jedwali lile watu wengine wote niliwaandikia aina. Safu yangu niliandika "kawaida".

Nadhani ndiyo maana naipenda hatua ya tatu, pamoja na uchovu wake wa asubuhi. Hairuhusu maelezo. Neno la mtu linakaa hewani kabla hujapata nafasi ya kumtafutia safu. Ukishaeleza, umechelewa, kila mmoja amesharudi kwenye kiti chake.

Kanuni ya mfuko bado haijabadilishwa. Niliipeleka hoja, Mwalimu akataka kipengele kiandikwe vizuri, nani atathibitisha, kiasi gani, mara ngapi kwa mwaka, na cha aibu ni kwamba maswali yake nayaona ya maana na ndiye mimi niliyetumwa kuandaa rasimu. Ipo ukurasa wa tatu. Mama Mapacha ameshaacha kuulizia.

Kesho zamu ni kwetu. Ni Jumapili ya tano, Yohana 8, mwanamke aliyefumaniwa. Mke wangu ameshakanda unga wa maandazi, mimi nimekaa mezani na Biblia, napitia. Najua Mama Mapacha atachukua "amesimama katikati". Kijana wa bodaboda atakwenda na kile kidole kinachoandika chini, na tutakaa mpaka saa mbili tukisikiliza kilichoandikwa. Bibi simjui atachagua nini, nimejaribu kubahatisha nimeshindwa. Mimi nimeshafungua Walawi 20:10, panaposema wafumaniwa ni wawili na wote wawili wanahukumiwa, na kwenye Injili nimehesabu mara mbili, wamemleta mmoja.

"Umeshaanza?" mke wangu ameuliza kutoka jikoni.

Nimemwambia nasoma tu.

"Weka hiyo penseli chini, njoo ushike sufuria."